Kufunga Waifai Si Uchoyo



Mpendwa msomaji, naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ushauri utadhani naandika kama mtaalamu. Mimi ni frateri wa falsafa, nina miaka ishirini na mitano, na kile kidogo ninachokijua kuhusu mitandao nimekiokota kwa mafundi simu wa Kasulu, kwenye vijitabu vya maelekezo, na kwa kuharibu vitu vya watu.

Likizo iliyopita nilitumwa kwenye parokia moja upande wa Kibondo. Parokia ilikuwa imenunua ruta yake ya kwanza, ile ya kuweka laini ndani, kwa michango ya waamini. Baba Paroko akanikabidhi boksi na kusema, "Frateri, haya ni mambo yenu vijana." Nikaifunga kwa nusu saa. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili hapa: fundi anafunga ruta ukutani, na mwenye nyumba anafunga mlango usiku. Mimi nilifunga kwa maana ya kwanza tu. Jina la mtandao nikaweka jina la parokia, neno la siri nikaweka bikiramaria, herufi ndogo zote, bila nafasi. Nilijiona nimefanya jambo la ibada.

Kisha nikaongeza kosa la pili, ambalo ndilo lililouma. Baba Paroko alitaka afungue mafaili ya ofisi kutoka kwenye kompyuta yake akiwa nyumbani kwa mapadre, ng'ambo ya uwanja. Nikaliweka folda la katibu katika hali ya kushirikiwa kwenye mtandao. Kompyuta ikawa inamdai neno la siri kila mara, Baba akalalamika, nami nikazima dai hilo. Kazi ikawa nyepesi, tukashukuru.

Jumapili ya kwanza kwaya nzima ilikuwa na lile neno la siri. Jumapili ya pili walikuwa nalo hata vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria chini ya mwembe. Sikuona ubaya, nilifurahi kwamba Kanisa limewavuta.

Kijana mmoja wa kwaya alikuwa akitafuta wimbo aliotumiwa kwenye simu yake. Akafungua sehemu ya mafaili, akabonyeza palipoandikwa mtandao, akaona kompyuta ya ofisi. Ndani kulikuwa na nota, matangazo, orodha ya michango, na folda lenye jina la ndoa. Akafungua. Humo ilikuwamo barua ya mama mmoja aliyekuwa akiomba Kanisa lichunguze kama ndoa yake ya kwanza ilikuwa halali. Wanaozijua barua za namna hiyo wanajua zinabeba nini: mambo ambayo mtu hamwambii hata dada yake wa tumbo moja. Nimemwomba mama huyo ruhusa ya kuandika kiasi hiki, akanipa, na sitaandika zaidi.

Jumapili ilipoisha kijana alikuwa amemwonesha rafiki yake. Jumatano habari zilikuwa gulioni.

Tulikwenda kwake mimi na Baba Paroko kuomba radhi. Akatukaribisha, akatandika mkeka, akatuletea maji ya kunawa na chakula kama wageni wa heri, jambo lililonitesa kuliko kama angetufokea. Nikamweleza jinsi kompyuta zinavyoshirikiana mafaili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Frateri, mwanangu, mimi ile barua niliiandikia Kanisa. Sikuiandikia kwaya."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusumbua wenzangu juu ya waifai.

Niliporudi seminarini na kusimulia haya mezani, bila kutaja parokia wala watu, mwenzangu mmoja alinijibu kwa hoja ambayo naipa heshima yake, kwa sababu ni hoja ya watu wengi huku kwetu. Alisema: kosa lilikuwa la folda, si la waifai. Waifai ni kama kisima. Mtu aliyechimba kisima akaweka kufuli juu yake, jirani zake wakichota maji ya bondeni, tunamwita mchoyo hata kama ana hati ya kiwanja. Akamleta na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kama ilivyo desturi yetu mjadala ukichacha. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, Thoma anafundisha kwamba mtu aweza kumiliki vitu kwa upande wa kuvipata na kuvitunza, lakini kwa upande wa kuvitumia avihesabu kama vya wote, awe tayari kuwagawia wenye shida. Sasa wewe, akaniambia, unataka kufunga hewa?

Nilikaa na hoja hiyo wiki mbili. Jibu nililipata Kasulu, kwa baba yangu mdogo.

Baba mdogo ana nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na barabara. Tangu Gridi ya Taifa ilipofika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, watu wengi wa kwetu wamenunua vitu ambavyo zamani haikuwa na maana kuvinunua: friji, runinga kubwa, mashine ya kusaga juisi, na ruta. Ya baba mdogo inakaa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. (Kitambaa hicho kinaipa joto bure. Nimemwambia mama mdogo, lakini kuna vita ambavyo mtu hapigani.)

Kila mwezi aliweka bando la GB 50, na kila mwezi lilikwisha kabla ya siku ya kumi. Alikuwa na hakika kwamba anaibiwa na mtandao wa simu. Nikafungua ukurasa wa ndani wa ruta, nikamwonesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa usiku ule: kumi na tisa. Nyumba ile ina watu sita. Tukatoka nje na tochi, tukawakuta vijana wamejipanga ukutani, kila mmoja nyuso yake inang'aa kwa mwanga wa kioo cha simu, wakatuamkia kwa adabu sana: "Shikamoo mzee." Neno la siri walipewa na binamu yangu wa darasa la sita kwa bei ya pipi.

Nikamshauri baba mdogo abadilishe. Akakataa. "Nikibadilisha leo," akasema, "kesho watasema nimepata hela nimeanza kuringa. Huku tunaishi na watu." Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi hatukosi maarifa. Kila fundi wa mjini anajua kubadilisha neno la siri. Tunachokosa ni ruhusa ya dhamiri. Tunaona haya kufunga.

Basi nimjibu mwenzangu wa mezani. Mfano wa kisima unapotosha mahali pawili. Kwanza, bando si maji ya chemchemi. Ni debe la maji lililonunuliwa, na likimwagwa watoto wa nyumba hukosa. Hilo ni dogo. La pili ndilo kubwa: anayechota kisimani anabaki kisimani. Anayeingia kwenye waifai yako anaingia ndani. Kwa macho ya ruta hakuna mtu aliye ukutani nje na mtu aliye sebuleni. Wote ni wa nyumba moja, wanaweza kugongana mabega. Simu ya kijana wa bodaboda inaweza kuisalimia kompyuta ya katibu, mashine ya kuchapa, kamera ya getini, runinga. Kama kompyuta haikufungwa vizuri, inaitikia salamu. Waifai haina ukuta wa matofali. Mawimbi yake yanapita kwenye udongo, mbao na dirisha, yanafika barabarani na kwa jirani wa tatu. Mlango pekee ulio nao ni lile neno la siri. Aliyeliweka kwenye midomo ya watu wote amelala mlango wazi, na katika nyumba ya parokia waliolala humo ni pamoja na wale walioleta siri zao.

Na Thoma je? Nadhani mwenzangu alimsoma nusu. Thoma anataja sababu kwa nini kumiliki ni halali, na moja yake ni kwamba mambo huenda kwa mpangilio kila mmoja akiwa na chake cha kukitunza. Kitu cha wote bila mtunzaji huleta fujo. Kutunza kwanza, kugawa baadaye, na vyote viwili ni wajibu. Cha kuchekesha ni kwamba waliounda ruta, ambao sidhani kama walikuwa wanamsoma Thoma, wameweka ndani yake kitufe kinachofanya hivyo hasa. Kinaitwa mtandao wa wageni. Ruta moja inatoa majina mawili ya mtandao: moja la nyumba, jingine la wageni. Aliye kwenye mtandao wa wageni anapata intaneti, lakini hazioni kompyuta wala mashine za ndani. Kwenye ruta nyingi unaweza pia kumpimia mgeni kasi, au kumwekea saa za kufunga.

Hicho ndicho tulichofanya kwa baba mdogo. Neno la siri la nyumba likabaki kwa watu wanne, binamu yangu hayumo. La wageni wakapewa vijana wa ukutani, na mtandao wao unazimika saa tatu na nusu usiku. Baba mdogo aliwaita, akawaambia mwenyewe, wakashukuru, na mmoja akauliza kama anaweza kuchangia bando. Katika kumi na watatu waliokuwa ukutani, watatu sasa wanachangia kila mwezi. Sitaki kupamba: wengine waliondoka wamenuna, na mmoja hamwamkii baba mdogo mpaka leo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa mtu mwenye ruta nyumbani, kwenye kigango au ofisini kwa WAWATA. Sihitaji kukupa yote. Nitasimama pale ambapo nimeona watu wengi wanaanguka.

Chini ya ruta kuna kibandiko. Pameandikwa anwani ya namba, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukiwa umeunganishwa, iandike namba hiyo kwenye kivinjari cha simu au kompyuta na utafika kwenye ukurasa wa ndani wa ruta. Utaombwa jina na neno la siri la msimamizi. Hili si neno la siri la waifai. Ni funguo mbili tofauti: moja ya kuingia nyumbani, nyingine ya kubadilisha vitasa vyote. Watu hubadilisha la kwanza wakaliacha la pili kama lilivyotoka kiwandani, yaani admin na admin, na matokeo yake mgeni yeyote mwenye udadisi anaweza kumfungia mwenye nyumba nje. Usidhani ni jambo la wanafunzi wa chuo kutaniana. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliingia kwenye mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama sitini hivi. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa mamilioni ya watu hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera zile hawakujua lolote. Kamera ziliendelea kuonesha geti.

Ukiwa humo ndani, tafuta sehemu ya usalama wa waifai. Kuna aina za kufuli. WEP ni kufuli la bati: udhaifu wake uliwekwa wazi tangu mwaka 2001, na leo huvunjwa kwa dakika chache. Ukiikuta ruta isiyo na kingine zaidi ya WEP, ipumzishe. WPA2 ilikuja mwaka 2004 na bado inafaa, ingawa mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, chuo ambacho sisi Wakatoliki tunakijua kwa mambo mengine, alionesha ufa ndani yake, na watengenezaji wakalazimika kutoa marekebisho. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. Ruta yako ikiwa nayo, ichague. Ikiwa na simu za zamani zisizoiweza, chagua ile ya kuchanganya WPA2 na WPA3.

Ufa ule wa mwaka 2017 unatufundisha kwamba ruta ina programu yake ndani, na programu huzeeka. Ukurasa uleule una mahali pa kusasisha. Fanya mara moja kwa miezi michache, ukiwa na umeme wa uhakika, usifanye mawingu yakiwa yametanda. Na kwa kuwa tumetaja mawingu: radi zikianza kupiga huku juu, chomoa ruta ukutani. Tumeshazika vifaa vingi.

Kuna kitufe kinaitwa WPS, cha kuunganisha bila kuandika neno la siri. Kizime. Njia yake ya namba inatumia tarakimu nane, ukidhani ni mamilioni ya majaribio. Lakini mwaka 2011 iligunduliwa kwamba ruta inazikagua kwa vipande viwili, hivyo mvamizi anahitaji majaribio elfu kumi na moja tu. Kwa wanafalsafa wenzangu: huo ni mfano mzuri wa jinsi jumla inavyoweza kuwa dhaifu kwa sababu ya namna sehemu zake zinavyohukumiwa.

Sasa neno la siri lenyewe. Mtu anayetaka kuvunja WPA2 hahitaji kukaa mlangoni pako akijaribu moja moja. Ananasa salamu ya kwanza kati ya simu yako na ruta, anaenda nayo kwake, na kompyuta yake inakisia usiku kucha bila wewe kujua. Kwa hiyo namba ya simu ni neno la siri baya kuliko unavyodhani. Sote tunajua inaanza na 07 au 06. Zinabaki tarakimu nane, yaani uwezekano milioni mia moja kwa kila mwanzo, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inaweza kuzimaliza kabla jumuiya haijamaliza rozari. Bikiramaria, yesunimwema, kigoma2023, vyote viko kwenye orodha za kubahatisha za mtu yeyote anayejua Kiswahili. (Mama yetu wa mbinguni hakuwahi kuombwa kulinda ruta, tusimpe kazi ambayo ni yetu.) Neno la waifai linaruhusiwa kuwa na herufi nane hadi 63. Tumia nafasi hiyo. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, changanya Kiswahili na Kiha, weka namba katikati mahali pasipotarajiwa. Bibi zetu wana maneno ya Kiha ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote ya wavamizi. Kisha liandike kwenye karatasi, uiweke mahali unapoweka hati za shamba. Watu huambiwa wasiandike maneno ya siri. Mimi nasema karatasi kabatini ni salama kuliko neno fupi lililokaririwa na watoto.

Wapo watakaokuambia ufiche jina la mtandao lisionekane. Ni kazi bure. Programu za kawaida za kusikiliza mawimbi huliona, na wewe utapata usumbufu kila ukileta simu mpya. Kuna kitu kingine wasichokuambia: ruta ina tundu dogo au kitufe cha kurudisha mambo ya kiwandani. Mtoto mwenye njiti akikibonyeza kwa sekunde kumi hivi, kazi yako yote imefutika na admin amerudi. Iweke juu, mbali na wageni na wajukuu.

Nimeulizwa sana na akina mama kuhusu pesa za kwenye simu. Miamala ile ya kubonyeza nyota na namba haipiti kwenye waifai, inapita kwenye mtandao wa simu moja kwa moja, kwa hiyo jirani aliye kwenye waifai yako hawezi kuisoma humo. Wezi wa pesa za simu wengi huingia kwa mdomo: wanakupigia, wanakuita mteja, wanaomba namba ya siri. Hapo hakuna ruta itakayokusaidia.

Kuna upande wa sheria ambao mapadre na walei viongozi wanapaswa kuujua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabia kosa mtu anayeingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila haki. Lakini fikiria upande wa pili. Laini iliyomo kwenye ruta imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu fulani. Matusi, utapeli au picha chafu zikitumwa kupitia ruta ile, alama inayoonekana nje ni ya laini ile, na maswali yataanzia kwa mwenye vidole. Katika parokia nyingi mwenye vidole ni paroko. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ofisi ya parokia inakusanya taarifa za watu kuliko ofisi nyingine nyingi hapa wilayani: kuzaliwa, wazazi, ndoa, vifo.

Na Kanisa halikungoja Bunge. Sheria Kanuni za mwaka 1983, kanuni ya 220, inakataza kumharibia mtu jina lake jema pasipo haki na kuvunja haki yake ya kutunza mambo yake ya ndani. Kanuni ya 535 inamwagiza paroko aangalie vitabu na hati za parokia zisiangukie mikononi mwa watu wa nje. Walioandika hayo walikuwa wanafikiria kabati la chuma na ufunguo. Sisi tumelibeba kabati tukaliweka hewani, halafu tukaandika ufunguo ubaoni.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na baadhi ya walezi wetu, nalo nalisema kwa heshima. Kila tukizungumza usalama wa waifai, mazungumzo hukimbilia kwenye kuzuia picha chafu. Zuio hilo lipo na ni rahisi: kwenye ruta unaweza kuweka anwani za huduma ya kuchuja, kwa mfano 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, na kurasa nyingi za ngono hazitafunguka kwa yeyote aliye kwenye mtandao ule. Kwa baba mdogo tumeiweka, kwa ajili ya watoto. Lakini kijana mwenye bando lake anazima waifai na kuendelea. Chujio linamsaidia mtoto asijikwae. Halimlei mtu mzima, na seminari au familia inayofikiri imemaliza malezi kwa kuchuja ruta imejidanganya. Zaidi ya hapo, kuna kishawishi cha mwenye ruta kugeuka mpelelezi, kukaa usiku akitazama nani kafungua nini. Nimewahi kuuonja utamu wake nilipokuwa na funguo za ruta ya Kibondo. Hauna tofauti na utamu wa kusoma barua ya mtu.

Mwezi Desemba niliomba kurudi parokiani pale kwa siku tatu, kwa nauli yangu. Nilitenga mitandao miwili. Folda la katibu nikaliondoa kwenye kushirikiwa. Baba Paroko anatembea hatua sitini kuvuka uwanja akitaka faili, na anasema kutembea kunamfaa. Barua za mashauri ya ndoa zimechapwa, zikafutwa kwenye kompyuta, ziko kwenye kabati la chuma. Yule kijana wa kwaya ndiye aliyenishikia ngazi nikipandisha ruta juu, na ndiye aliyeniuliza kama wale wa mwembeni watapata neno la wageni au la. Wamepata. Limeandikwa ubaoni, chini ya matangazo ya ndoa.

La ofisi alilitunga katibu mwenyewe. Alipokuwa akiliandika mimi nilisimama dirishani, nimempa mgongo, nikitazama akina mama wakirudi kutoka gulioni. Mmoja wao alikuwa yule mama. Alinipungia mkono, nami nikampungia.